Kle Yenye Sauti

Kazi yangu ni kufufua mashini. Nasema kufufua kwa sababu wateja wangu wa Kolwezi hawaleti kompyuta inayougua. Wanaileta imeshakufa, tena imeshapitia mikononi mwa kila shemeji anayejua kushika bisibisi. Nikiuliza kama iliingia maji, wanakataa. Nikiifungua nakuta matope yaliyokauka. Mficha uchi hazai, nawaambia, nao wanacheka kama vile namsema jirani yao. Mtaani hakuna anayenijua kwa jina. Mimi ni mama wa mashini, na kwa walio wadogo kwangu ni yaya, yaani dada mkubwa, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Chombo changu kikubwa ni kle moja, kile kidude cha kuchomeka ambacho kwingine wanakiita flashi. Watu wanadhani kuitengeneza ni kunakili faili tu: unapakua mfumo, unautia ndani ya kle, umemaliza. Kisha wanakuja kunilalamikia kwamba mashini haiioni. Haiwezi kuiona. Kle lazima iandikwe kwa programu yake, inayofuta kwanza kila kilichokuwamo, halafu inaweka mwanzoni kabisa kitu cha kuiambia mashini: anzia hapa. Mashini iliyokufa haisomi faili. Inatafuta mlango, na isipouona inakukodolea skrini nyeusi mpaka uchoke.

Kle hiyo niliitengeneza kwa ajili ya vipofu. Sista mmoja mwenye kituo chao aliniomba mfumo unaosema kwa sauti tangu mwanzo, ili wanafunzi wake wauweke wenyewe bila kuomba macho ya mtu. Konesyo yetu ya intaneti ilikatikakatika, nikaanza kupakua upya mara nyingi hadi nikaitukana, lakini mwishowe kle ikakubali. Sauti ni ya mwanamke, Kifaransa safi cha darasani, hachoki wala hakasiriki. Maswali anayasoma mazima. Unachoandika wewe anakitaja herufi baada ya herufi, haunganishi. Niliijaribu nyumbani kwa kuandika jina langu, kama ninavyojaribu kila mashini, na vidole vyangu vimezoea hivyo: vikiulizwa jina, vinaandika langu kabla kichwa hakijafikiri. Kazi ya sista ilipokwisha, kle ilibaki kwangu, na kwa wateja wengine nilikuwa nabonyeza vitufe viwili, sauti inanyamaza, tunaendelea kimyakimya.

Yule mama alikuja asubuhi moja ya masika, ameifunga kompyuta kwa kitenge kama mtoto. Nilimjua kwa uso, anauza makala, makaa ya kupikia yanayotoka Mutshatsha, kando ya barabara, na kucha zake hazitakati hata Jumapili. Alikuwa na haya kidogo, akazunguka na salamu za nyumbani na za mvua, hadi nikamwambia aseme shida yake kwa sababu nami nina kazi.

"Yaya, hii mashini ikiwaka, bwana yangu atatoka mu shimo," akasema. "Aliniapia."

Nikamweka kwenye kiti. Mtaa wao ni ule ambao watu waligundua kwamba wamelala juu ya madini, na tangu hapo kila mtu anachimba palepale anapolala. Mumewe alichimba ndani ya chumba chao cha kulala. Walihamishia kitanda sebuleni, wakatoboa sakafu, na sasa shimo lilikuwa limeshuka hadi taa ya kichwani ikionekana kutoka juu kama kiberiti, kisha likageuka kufuata mshipa chini ya nyumba za watu. Jirani wa nyuma alifukiwa na udongo ndani ya shimo la namna hiyohiyo. Mama mwenyewe alipika bukari, ugali wetu, kwenye kilio chake, na tangu siku ile alikuwa hawezi kula mumewe akiwa chini. Walibishana sana. Mwishowe mume akakubali: kompyuta ipatikane, na ikiwaka vizuri, atafunika shimo na kufungua mahali pa kuchapisha na kufotokopi. Kompyuta ikapatikana, mitumba kutoka Lubumbashi, na ilipofika Kolwezi ikagoma. Mume akasema Mungu amejibu, akashika nyundo yake.

Nilimwambia aniachie, arudi jioni. Akakataa. Alitaka niifufue nyumbani kwao, mumewe akipanda juu aikute inawaka, asipate nafasi ya kusema kesho. Kawaida siendi nyumbani kwa watu kwa sababu hapo ndipo wanapoanza kuleta na redio na pasi. Lakini alivyokuwa ameushika ule mzigo mapajani nilimwonea huruma, nikachukua kle na kumfuata.

Nyumba ilikuwa safi mno kwa nyumba yenye shimo. Sebuleni kitanda, meza, picha ya Bikira Maria, na mlango wa chumba umefungwa kwa pazia la maua. Nilivua viatu. Ndipo nikaisikia nyundo, si kwa masikio, kwa nyayo: du, kimya, du, kimya, kutoka chini ya saruji niliyosimama. Mama akaniambia mumewe yuko peke yake asubuhi, wenzake wanakuja mchana kuvuta magunia. Nikauliza kwa nini asisogeze pazia tupate mwanga. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini asivue nguo. Mwanamke hakaribii shimo mtu akiwa ndani, akaniambia, hata kama shimo lenyewe liko chumbani kwake. Na kitu kingine, nisije nikauliza jina la mumewe. Mchimbaji akiwa chini anaitwa kwa jina la shimo, jina la utani tu. Jina lake la kweli halitamkwi pale, kwa sababu kilicho chini kikilipata, kitamwita.

Mimi ni mtoto wa Likasi, baba yangu alikuwa fundi wa umeme, na mambo kama hayo yananichosha. Nikamuuliza kwa utani kama kilicho chini kina simu. Hakucheka, nami nikaona nimevuka mpaka, nikainamia kazi.

Nilichomeka kle, nikawasha, nikabonyeza F12 mfululizo mpaka orodha ya milango ikatokea, nikaichagua kle. Skrini ikawa nyeusi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha ile sauti ikatukaribisha kwa Kifaransa chake, wazi kabisa, ndani ya chumba kile. Mama aliruka hadi kwenye ukuta. Nilimweleza habari ya vipofu, akajicheka, akajifunga kitenge upya, na nilipopeleka vidole kuizima akanizuia.

"Muache aseme, yaya. Akisema, siko nasikia ile nyundo."

Basi nikaiacha. Nani angemkatalia? Sauti ilisoma lugha, ikasoma kibodi, ikauliza kama ifute kila kitu kwenye diski, nikajibu ndiyo, na mama akakaa karibu nami, bega kwa bega, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mgeni mwenye habari. Polepole uso wake ukafunguka. Aliniambia wataanza na karatasi za shule, na vitambulisho, na programu za misa za harusi. Nilimwona akiwa ameshaliona duka lote.

Ikafika kwenye jina: mwenye mashini hii ni nani? Nikainua mikono ili isiandike langu. Nikamwambia aandike lolote, hata la duka. Mama akafikiri. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule chini mumewe ana jina la kipuuzi, jina la panya, na hapa juu alitaka mashini imjue kama mtu, kwa jina alilobatizwa. Hakulitamka. Alisogeza kompyuta mbele yake, akaliandika kwa kidole kimoja cheusi cha makala, na kila alipogusa, sauti ikataja herufi. Alikuwa na furaha. Kwake, herufi hazikuwa jina. Hakusema kitu, alibonyeza tu. Kwangu pia hazikuwa jina, wala sikufikiri zaidi.

Alipomaliza, nyayo zangu zilikuwa za kwanza kujua. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

Mama hakuona mara moja. Sauti iliuliza neno la siri, ikarudia, na yeye akanigeukia aulize maana yake, akakuta mimi natazama sakafu. Ndipo naye akasikiliza. Nilimwona akifungua mdomo kumwita mumewe kwa jina la shimo, kisha akaufunika kwa kitenge. Kisha kutoka nyuma ya pazia tukasikia pumzi, na udongo unaoporomoka, na miguu ikitafuta vile vishimo vya kukanyagia ukutani, haraka, vibaya, kama mtu anayepanda bila kutazama.

Alitoka akiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Taa ya kichwani ilikuwa bado inawaka, ikanipiga machoni. Hakunisalimia. Alimtazama mkewe.

"Njo nani aliniita?"

"Hakuna mutu," mama akasema.

"Mwanamuke aliniita. Aliita jina yangu, ile ya kweli. Na haikutoka huku ku yulu." Akaonyesha chini na mbele, chini ya ukuta, kuelekea kwa majirani. "Ilitoka ku mbele, kule mi siyachimba. Na mi niliitika."

Nilifungua mdomo nimweleze. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: mashini inasema, shimo ni kama bomba, sauti inazunguka mle ndani na kurudi kutoka upande usioutegemea. Wakati uleule kisigino cha mama kikanikanyaga mguu chini ya meza, kikabaki palepale, kizito. Nilimtazama. Hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama mumewe anavyotetemeka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi na kitu kingine, tumaini labda. Nikafunga mdomo. Nilibonyeza vitufe viwili, na sauti ikanyamaza.

Hakushuka tena. Wenzake walipokuja mchana walimcheka, kisha walipomtazama vizuri wakaacha kucheka, wakakusanya vitu vyao. Juma lile wakamwaga zege juu ya shimo. Mama alikuja kwangu na kikapu cha viazi vitamu, akakaa kwenye kiti kilekile, tukacheka mpaka tukashikana. Mungu anatumia hata mashini, alisema. Akaniapisha nisimwambie mumewe hata siku moja, na mimi nikaapa kwa moyo mweupe. Nilijisikia vizuri sana. Si kila siku kle inafufua watu wawili.

Mvua ziliisha, vumbi likarudi, malori yakaanza tena kupita yamefunikwa maturubai. Nilipita pale mara kwa mara, nikaona dirisha la chumba chao limepanuliwa kuwa kaunta na kibao kimeandikwa kwa mkono. Kisha mama akanitumia habari kwamba mashini imekwama. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kazi mara nyingi mno, na sasa haiwaki. Nikachukua kle.

Mume alikuwa ndani peke yake. Mama alikuwa nje uani, anapima makala kwa mteja, nikasikia kicheko chake. Kilikuwa chumba chenyewe, kile cha nyuma ya pazia. Meza ya kazi ilikuwa imewekwa juu ya zege, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Mwenyewe alikuwa amenenepa kidogo, shati safi, adabu nyingi. Aliniita mama, akanipa kiti. Yeye alikaa kwenye kigoda kirefu, na nikaona kwamba miguu yake ameikunja juu ya ubao wa kigoda. Kila alipotaka karatasi kutoka rafuni alijinyoosha bila kushuka.

Nikaanza kazi. Sauti ikatukaribisha, nami nikapeleka vidole kuizima. Akaniomba niiache. Alitaka kuniambia kitu na hakutaka mkewe asikie.

Nilijua anachotaka kusema, au nilidhani najua. Alikuwa amegundua. Aliniambia, huku mashini inasoma maswali yake, kwamba anajua siku ile ilikuwa mashini, alijua tangu jioni ileile, alipomwona mke wake anazuia kicheko. Hakukasirika. Mke wake ana furaha, analala usingizi, na yeye haoni sababu ya kumwondolea. Nikacheka, nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya wanawake wote. Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Mama, mashini niliisikia. Nilisikia bale baherufi banatoka ku yulu, kidogo, kidogo. Nikaacha nyundo, nikasikiliza." Akalamba midomo. "Na kule ku mbele kulikuwa mutu alikuwa anarudilia. Mashini inasema moya, naye anasema moya. Sawa mutoto anajifunza kusoma. Ilipomaliza, akanyamaza. Kisha akaiita yote, nzima, muzuri kabisa."

Nje mama alikuwa anabishana na mteja juu ya gunia. Nilitaka kusema habari ya bomba na sauti inayozunguka, na nilikumbuka kwamba ile sauti ya kwangu haiunganishi. Haijawahi kuunganisha. Kle niliiandika mimi, naijua. Mwangwi unarudisha ulichoupa, hautungi neno. Nilisikia baridi ikinipanda kutoka kwenye nyayo, na nikaona kwamba viatu vyangu vyote viwili viko juu ya zege.

Akaniambia kwamba kwao Musumba mtu akiitwa na asiyemwona haitiki, mtoto mdogo anafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kunawa. Naye aliitika. Hajui kwa nini. Jina liliitwa vizuri sana, alisema, na kwa muda mrefu kule chini hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Sasa alikuwa na ombi moja tu. Nitoe jina lake ndani ya mashini. Nisiandike jina la mtu yeyote, niache bure.

Nikamwahidi. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, sitaki kudanganya, nilitaka kutoka mle. Mashini ilipouliza jina nikabonyeza kuendelea bila kuandika kitu. Sauti ikasema kwa upole kwamba nafasi hii haiwezi kuachwa wazi. Nikabonyeza tena. Ikarudia. Nilikuwa natafuta neno, duka, au mteja, au makala, na kichwa changu kilikuwa chini ya zege pamoja na yule anayejifunza kusoma, na vidole vikafanya kazi viliyoizoea.

Mkono wa mume ulishuka juu ya mkono wangu. Ulikuwa umechelewa. Sauti ilikuwa imeshataja herufi ya mwisho, wazi, kwa Kifaransa chake cha darasani.

"Ile ni jina ya nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni langu.

Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, na mimi nikasikiliza naye. Mashini iliuliza neno la siri. Nje kicheko cha mama kilikuwa kimekoma, mteja ameondoka labda. Kisha akanitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko hadithi yake yote.

"Mutu akikuita na haumuone, mama, usiitike."

Nilimaliza yaliyobaki nimesimama, nikaaga, nikatoka kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya malori nilipokumbuka kwamba kle imebaki imechomekwa. Na wakati huohuo nikaitwa kutoka nyuma. Sauti ya mwanamke. Iliita jina langu, lote, na baada ya pumzi moja ikaliita tena. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanauza sambusa, vumbi jekundu hewani. Niliogopa mpaka meno yakauma. Sikugeuka na sikuitika, nikatembea hadi nyumbani na mgongo umekakamaa.

Kle bado iko kule, sijaifuata. Mara nyingi najiambia kwamba alikuwa yule mama, ameiona kwenye mashini na kunikimbilia barabarani kuniletea. Ingekuwa rahisi kuamini. Lakini yeye huniita yaya, jina langu halijui.